Thracia 776: Teka Kabla ya Kuua, na Leif Atoke wa Mwisho

Mara ya kwanza nilipocheza Fire Emblem: Thracia 776, mchezo wa video wa mkakati unaochezwa kwa zamu, niliwapoteza wapiganaji wangu wawili, Brighton na Karin, kwa kosa la hatua moja. Tulikuwa tunatoroka ngome ya Manster, askari wa adui wakitufuata kwa nyuma, nami nikaona busara kumwahisha mwana wa mfalme, Leif, mlangoni kabla hajadhurika. Alipokanyaga mraba wa kutokea, sura ikaisha papo hapo, na wawili wale waliokuwa bado njiani wakahesabiwa kuwa wametekwa. Hakuna aliyenionya, na maandishi yalikuwa ya Kijapani ambayo wakati huo nilikuwa siyaelewi hata kidogo. Ndiyo sababu nimeona niwaandikie wenzangu wanaofikiria kuanza mchezo huu, kwa kuwa naupenda kuliko mchezo mwingine wowote wa mkakati niliowahi kuushika, na nisingependa mtu auache njiani kwa mambo ambayo angeweza kuambiwa mapema.

Mchezo wenyewe ulitengenezwa na Intelligent Systems kwa ajili ya konsoli ya Super Famicom, chini ya uongozi wa Shouzou Kaga, ambaye baada ya hapo aliondoka katika kampuni hiyo. Ulitoka Japani mwezi Agosti 1999, wakati PlayStation na Nintendo 64 zilikuwa zimekwisha kutawala. Tena mwanzoni haukuuzwa kwa njia ya kawaida: ulipitia huduma ya Nintendo Power, ambapo mteja alipeleka kaseti maalumu katika duka la Lawson na kujaziwa mchezo kwa mashine. Kaseti ya kawaida ilifuata Januari 2000. Haukuwahi kuuzwa rasmi nje ya Japani wakati huo, na mazingira hayo yanatosha kueleza kwa nini ni wachache wanaoufahamu. Hadithi inamhusu Leif, kijana wa miaka 15 aliyepoteza wazazi na ufalme, na namba 776 ni mwaka katika kalenda ya ulimwengu huo wa kubuni.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usiucheze kama jemadari, bali kama mkimbizi. Leif hana hazina wala jeshi la kudumu, fedha ni chache mno, na silaha huvunjika baada ya kutumika mara kadhaa. Nilianza kwa kuua kila adui niliyemwona, kama nilivyozoea katika michezo mingine, na kufikia sura za katikati watu wangu hodari walikuwa wamebaki na panga zinazokaribia kukatika. Nilikuwa nimepuuza amri ya kuteka. Kila adui uonaye mbele yako amebeba kitu unachokihitaji, na njia pekee ya kukipata, ukiacha ile ya mwizi, ni kumkamata akiwa hai.

Utaratibu wake unahitaji subira. Anayeteka lazima awe na umbo kubwa kuliko anayetekwa, na wakati wa kujaribu kuteka nguvu, ustadi, wepesi na ulinzi wake hupungua hadi nusu, kwa hiyo ukimtuma mtu peke yake dhidi ya adui mzima atarudi akiwa na majeraha, ikiwa atarudi. Mimi hufanya hivi: mpiga upinde humchoma adui kwa mbali hadi abakiwe na uhai kidogo, kisha Halvan au Dagdar, ambao miili yao ni mikubwa, husogea na kumbeba. Mbebaji naye hubaki dhaifu kwa muda wote anapombeba mateka, basi mweke mtu mwingine mbele yake awe ngao. Zamu inayofuata mnyang'anye kila kitu alicho nacho, shoka, dawa, ufunguo wa mlango, halafu mwachie aende zake, naye atatoweka uwanjani. Wapiga upinde ni rahisi kuwateka kwa sababu hawawezi kujibu anayesimama ubavuni mwao, na makasisi wenye fimbo hawajibu kabisa. Adui asiye na silaha hutekwa bila hata pigano.

Makasisi hao ndio ningekuomba uwape kipaumbele. Fimbo za usingizi na za kunyamazisha katika mchezo huu ni za kutisha: uchawi wa mwenye fimbo ukizidi wako, hukwepi, na mtu aliyelazwa usingizi hulala hadi sura iishe, isipokuwa uwe na fimbo ya kumzindua. Nimewahi kuona nusu ya kikosi changu imelala katikati ya ukumbi, nami sina la kufanya ila kuwabeba mmoja mmoja. Ukimteka kasisi yule badala ya kumuua, fimbo ile inakuwa yako, na sura mbili mbele utamshukuru.

Kuhusu sura za kutoroka nimekwisha kusema, lakini nalirudia kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi: Leif atoke wa mwisho. Hesabu watu wako, hakikisha kila mmoja amepita, kisha ndipo yeye afuate.

Lipo pia suala la uchovu. Kila pigano humwongezea mpiganaji pointi 1 ya uchovu, na matumizi ya fimbo huongeza zaidi kulingana na daraja la fimbo yenyewe. Uchovu ukifikia kiwango cha uhai wake wote, atalazimika kupumzika sura inayofuata. Leif peke yake ndiye asiyechoka. Waganga, ambao uhai wao ni mdogo, huchoka upesi, na ukimtegemea mmoja tu utajikuta unaingia vitani bila mganga. Tengeneza vikosi viwili tangu mapema, hata kama cha pili kinakuudhi kwa udhaifu wake. Kipo kinywaji cha kuondoa uchovu, lakini ni adimu na nakushauri ukitunze kwa sura za mwisho.

Wapanda farasi nao wana sharti lao: ndani ya majengo lazima washuke. Fin, aliye hodari kwa mkuki, akishuka hutumia upanga tu, basi mpe upanga kabla ya kuingia ngomeni. Magombo yenye majina ya mashujaa 12 wa kale yagawe mapema pia, kwa maana humkinga aliyeyabeba dhidi ya mapigo ya kufisha na hubadilisha namna anavyokua kila anapopanda ngazi.

Na uzoee bahati. Hakuna shambulio lenye uhakika wa asilimia 100, kwa kuwa mchezo umeweka mipaka kati ya 1 na 99, na hata fimbo ya kuponya huweza kushindwa. Mimi siku hizi nikipanga zamu hujiuliza kwanza nani atakufa iwapo pigo hili litakosa, na jibu likiwa ni mtu nisiyetaka kumpoteza, hubadilisha mpango wote.

Kwa anayetaka kuucheza katika konsoli yenyewe, angalia umeme. Umeme wa Japani ni volti 100, na adapta ya huko ukiichomeka moja kwa moja katika soketi ya volti 230 ya Dar es Salaam au Mombasa itaungua. Tafuta transfoma ya kushusha umeme. Kisha muulize muuzaji kuhusu betri iliyomo ndani ya kaseti, inayohifadhi kumbukumbu ya mchezo. Kaseti yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba ni nzima, nikacheza sura saba, na asubuhi iliyofuata kumbukumbu yote ilikuwa imefutika. Fundi wa redio mtaani alinichomelea betri mpya kwa muda usiozidi nusu saa, na haijanisumbua tangu hapo.

Lugha isikuzuie. Mashabiki wamejitolea kuutafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri zao nilizozisoma ni za kuaminika. Soma hadithi yote, usiruke mazungumzo, maana namna wanakijiji wanavyomsema Leif hubadilika kadiri safari inavyoendelea.

Ama Brighton na Karin, sikuanza upya. Waliotekwa namna ile huweza kukombolewa baadaye sana, katika sura ya ziada ya 21x, inayochezwa ndani ya gereza. Nilicheza zaidi ya sura 15 bila wao, na nilipofika gerezani humo niliwatafuta wawili hao kabla ya jambo jingine lolote.