Karani Mstaafu Anajibu: Magunia ya Jumamosi yaliyohamia Ijumaa

SWALI: Shikamoo Mzee Karani. Ninauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mwanangu aliniwekea programu ya biashara, na kila gunia linalotoka tunaliingiza humo, liwe la taslimu au la mkopo. Juzi mhasibu akataka mauzo ya miezi sita kwenye Excel. Nikabonyeza kitufe cha kupakua, faili likaja, nikalifungua, nguvu zikaniisha. Namba za simu za wateja zimekuwa 2.55E+11. Namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa, za wale ninaowakopesha nazo hivyohivyo, na nikizinyoosha zinaishia na sifuri tano, wote! Safu ya fedha nikiijumlisha napata 0. Na magunia niliyouza usiku wa kuamkia Jumamosi, saa nane hivi, yameandikwa ya Ijumaa. Mwanangu anasema programu ni mbovu, tununue nyingine. Tununue?
*Mama wa Magunia, Mwaloni*

JIBU: Marahaba, mama. Msinunue kitu. Programu yenu haina kosa, au tuseme kosa lake ni dogo kuliko mnavyolidhania. Faili lilitoka zima, likaharibikia mlangoni, pale ulipolibonyeza mara mbili.

Lifungue faili lilelile kwa Notepad, ile programu ya maandishi matupu iliyomo kwenye kila kompyuta ya Windows. Utaona majina, namba na tarehe vimepangwa mstari kwa mstari, vikitenganishwa na koma. Hiyo ndiyo CSV. Namba za simu utazikuta zimekamilika na NIDA zina tarakimu zake zote 20. Ila hakuna mahali palipoandikwa kwamba hii ni simu, ile ni fedha, na hiyo nyingine ni tarehe. Kwa hiyo Excel inakisia. Ikiona tarakimu tupu inasema hii ni hesabu, na hesabu ndefu inaifupisha ili itoshe kwenye kisanduku. 255 ukiongeza tarakimu tisa ni kumi na mbili, basi unaletewa 2.55E+11.

Kwa simu hilo ni la kuonekana tu, tarakimu bado zimo. Ukibadilisha muundo wa safu uwe wa namba bila desimali, zinarudi. Lakini ukihifadhi faili hilo tena kama CSV likiwa katika hali hiyo, kinachoandikwa ni kile kinachoonekana, na hapo simu za wateja wako zimekwenda. Kwa NIDA ni msiba kabisa. Excel inashika tarakimu 15 za mwanzo tu za namba yoyote, zinazobaki inazigeuza sifuri. Ishirini ukitoa kumi na tano ni tano, ndizo hizo sifuri tano ulizoziona. Hazirudi kwa dawa yoyote. Lifunge faili, ukiulizwa kama uhifadhi sema hapana, kisha pakua upya.

Nakwambia hivi kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa karani kwenye stoo ya nyavu na kamba huko Igogo, na orodha ya mishahara ilikuwa inatoka kwenye programu kwenda benki. Siku moja nikaifungua kwa kubonyeza mara mbili, nikasahihisha jina la mtu mmoja, nikahifadhi. Jina moja tu! Akaunti zote zilizoanza na sifuri zikapoteza ile sifuri. Jumamosi asubuhi vijana kumi na wawili wamepanga mstari mlangoni kwangu, fedha zao zimerudishwa, na mimi nimeshika kikombe cha chai kisichonyweka. Tangu siku ile faili lililotoka kwenye programu silisahihishi. Naliweka kwenye folda yake, nafanyia kazi nakala.

Sasa utalifunguaje? Fungua Excel tupu kwanza, isiyo na kitu. Nenda kwenye kichupo cha Data, chagua kuleta kutoka kwenye faili la maandishi au CSV, kisha lionyeshe faili lako. Litakuja dirisha lenye sampuli ya mistari ya mwanzo. Usikimbilie kupakia. Chagua kuibadilisha data kwanza, kisha safu ya simu, ya NIDA na ya muda uzitangaze kuwa maandishi. Simu ni maandishi, mama, hata kama imejaa tarakimu. Je, uliwahi kujumlisha simu ya mteja mmoja na ya mwenzake? Kitu usichokijumlisha usikiite hesabu.

Nikiwa hapohapo kwenye NIDA: mhasibu anazitakia nini? Anatafuta mauzo na madeni. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kazi Mei 2023, taarifa za mtu si kitu cha kurusha WhatsApp kama picha ya harusi. Ifute safu hiyo kwenye nakala ya kumtumia.

Jumla ya 0 ni jambo jepesi. Nadhani programu yenu inatoa fedha ikiwa na alama, kama "TSh 85,000". Ile TSh ikiingia tu ndani ya kisanduku, Excel inahesabu kisanduku chote kuwa maandishi, na ikijumlisha inayaruka maandishi kimyakimya bila kulalamika. Utayatambua kwa yalivyolala: maandishi huegemea kushoto, hesabu huegemea kulia. Bonyeza Ctrl na H, tafuta "TSh" pamoja na nafasi inayoifuata, mahali pa kubadilishia acha wazi, badilisha zote. Zikikataa kugeuka, shaka yangu iko kwenye ile nafasi. Kuna nafasi ya aina nyingine ambayo macho hayaitofautishi na ya kawaida. Inakili kutoka ndani ya kisanduku chenyewe, uibandike kwenye sehemu ya kutafuta.

Tuje kwenye usiku wa Jumamosi, maana hapa ndipo mwanao alipodhani mashine imelogwa. Programu nyingi zinatunza muda kwa saa ya dunia, ile inayoitwa UTC, na Tanzania iko mbele yake kwa saa tatu. Kwenye skrini programu inakuongezea zile saa tatu, lakini zipo zinazosahau kuongeza wakati wa kutoa faili. Gunia lililotoka saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi, kwenye skrini ni 02:00 ya Jumamosi, kwenye faili ni 23:00 ya Ijumaa, na kwenye daftari la kijana wako ni saa nane. Vyote vitatu ni gunia moja. Duka la vitenge halitaiona shida hii hata miaka kumi, kwa kuwa halifunguliwi usiku. Nyinyi watu wa mwaloni mnapakia malori wakati wengine wamelala, kwa hiyo kila mlichouza kati ya saa sita na saa tisa usiku kinarudi siku ya nyuma.

Angalia safu ya muda. Ikiwa imeandikwa kwa mtindo wa 2025-02-28T23:00:00Z, ile Z ya mwisho ndiyo ushahidi kwamba ni saa ya dunia. Ongeza safu mpya pembeni. Kama muda uko kisanduku A2, andika:

=DATEVALUE(LEFT(A2,10))+TIMEVALUE(MID(A2,12,8))+3/24

Kwa Excel siku nzima ni 1, ndiyo maana saa tatu ni 3/24. Ipe safu hiyo muundo wa tarehe na saa, uivute hadi chini. Usisahau kuipa muundo, ukaona 45717.08 ukapiga kelele. Hiyo ni tarehe ileile ikiwa imehesabiwa kwa siku tangu mwanzo wa 1900.

Jingine hukuliuliza, lakini mhasibu wako najua atalianzisha. Atapanga mauzo kwa mwezi wa kalenda, kisha akuulize mbona mwezi huu mmezembea. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, mitumbwi mingi inapumzika. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wa kalenda kwa kawaida una 30 au 31, havitembei sambamba. Weka safu moja ya ziada, uandike "giza" au "mbalamwezi" kwa kila siku, alinganishe giza na giza. Hakuna programu itakayokutolea safu hiyo. Wewe unaijua kuliko programu.

Na kabla ya kutuma, linganisha vitu viwili na ripoti iliyoko ndani ya programu: idadi ya mauzo na jumla ya fedha kwa kipindi kilekile. Magunia unayahesabu yakishuka mtumbwini na unayahesabu tena yakipanda lori. Faili nalo ni hivyohivyo.

SWALI: Mzee, habari za kazi. Nina duka la spea za pikipiki Igoma. Programu yangu ni ya zamani kidogo. Nikitoa mauzo yote tangu nifungue, faili linaishia katikati ya mwaka juzi, hata ujumbe wa kosa hakuna. Nimejaribu mara nne.
*Fundi Spea*

JIBU: Nenda mwisho kabisa wa faili, usome namba ya mstari wa mwisho. Ukikuta 65,536, tumemkamata. Huo ndio ukomo wa faili la Excel la zamani, lile linaloishia na .xls. La sasa, .xlsx, linafika mistari 1,048,576. Programu yako inaandika kwa mtindo wa kale. Ikijaza gunia inashona mdomo, na kilichobaki inakimwaga.

Usijione mshamba. Mwaka 2020, Uingereza, karibu wagonjwa 16,000 wa korona walikosekana kwenye hesabu za taifa kwa siku kadhaa, kwa sababu majibu ya maabara yalikuwa yakimiminwa kwenye .xls na mistari iliyozidi ikaachwa nje. Waliokaa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa. Wewe umepoteza plagi na cheni.

Kama kuna chaguo la CSV, litumie, maana CSV haina ukomo wa mistari. Kama halipo, toa mwaka mmoja mmoja, au miezi sita sita kama duka lina watu wengi. Na mauzo ya miaka iliyofungwa ukishayatoa yakakamilika, yatunze kwenye flashi mbili, moja isilale dukani.

SWALI: Shikamoo. Mteja wangu wa Bukavu, Kongo, amenitumia faili la mizigo tuliyompelekea. Kila kitu kimerundikana kwenye safu moja, na uzito wa gunia moja unasoma 42,500. Gunia gani hilo?
*Kijana wa Usafirishaji, Kirumba*

JIBU: Marahaba. Kompyuta ya mteja wako inaongea Kifaransa. Kwa mpangilio wa Kifaransa koma ndiyo nukta ya desimali, kwa hiyo haiwezi tena kutenganisha safu; kazi hiyo inafanywa na nukta mkato. Wakati wa kuleta faili, kwenye lile dirisha la sampuli, badilisha kitenganishi kiwe nukta mkato, na safu zitajipanga zenyewe. Safu ya uzito itangaze kwanza kuwa maandishi, ubadilishe koma kuwa nukta, ndipo uigeuze kuwa hesabu. Ukiacha Excel yetu iisome ilivyo, itadhani koma ni ya maelfu.

Gunia lako lina kilo arobaini na mbili na nusu. Lakini mpigie simu umuulize, maana kwenye karatasi ya mzani wa hapa Mwaloni huenda liliandikwa arobaini na tano, na hilo sasa si swali la Excel.