Dawa kali mapema, au nyepesi kwanza?

Pole sana dada. Umeuliza kama mdogo wako mwenye MS ya kurudirudi (kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, dalili zikija kwa vipindi) aanze na sindano nyepesi au apewe dawa kali mapema. Mimi ningeegemea kali, hasa kama picha ya MRI imeonyesha madoa kwenye uti wa mgongo, au mguu haukurudia nguvu zake baada ya shambulio. Neva ikishakufa, dawa hairudishi.

Mwulizeni daktari kuhusu rituksimabu, mojawapo ya hizo kali, ambayo WHO iliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa MS mwaka 2023, pamoja na kladribini (vidonge, nayo kali) na glatirama (sindano nyepesi). Kwanza apimwe homa ya ini B na kifua kikuu. Akitaka mtoto karibuni aseme sasa, maana kladribini haifai kabisa.

Na aandike tarehe ya kila ganzi kwenye daftari. Langu daktari hulisoma kabla ya picha.