Upepo wa tairi za trela ya kulala: 65 au 80?

Habari mkuu. Kibandiko cha trela kinasema psi 65 (psi ni kipimo cha upepo), tairi mpya ulizofunga, saizi ST225/75R15 daraja E la mzigo, zimeandikwa 80, hujui ufuate ipi. Anza na valvu: zile fupi za mpira za kuchomeka mwisho wake 65, kwa 80 funga za chuma. Tazama pia namba iliyogongwa nyuma ya rimu, ndiyo mwisho wa mzigo au upepo wa rimu yenyewe. Halafu pitisha ekseli kwenye mizani, maji na mizigo vikiwa ndani. Kwa 65 tairi hiyo hubeba paundi 2,540. Kwa 80 ni 2,830. Uzito wa gurudumu moja ukikaribia 2,540, jaza 80 bila ubishi, maana upepo mdogo hukunja ubavu, tairi inachemka mpaka inabanduka. Pima asubuhi kabla jua halijaupiga upande mmoja. Geji ikipanda njiani, usitoe upepo.