Tundu la USB Halisomi kwenye Linux? Anza na Keneli Kabla ya Fundi

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia kwamba tangu aweke Linux Mint, laptopu yake haisomi flashi, na fundi ameshampigia hesabu ya kubadili madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Nina swali moja tu kwake: hiyo Mint aliiwekaje? Kama laptopu iliwaka kutoka kwenye flashi iliyochomekwa tundu hilohilo, basi siku ile tundu lilikuwa zima. Madabodi ndicho kitu cha mwisho kulaumiwa, na wengi wanaohamia Linux wanapoteza fedha kwa sababu wanaanzia huko.

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika amri hii na uiache ikiendelea:

sudo dmesg -w

Sasa chomoa kifaa, subiri kidogo, kichomeke tena huku ukitazama skrini. Keneli, yaani kiini cha Linux kinachozungumza na vifaa, huandika papo hapo kila inachokiona. Jaribu kwanza na mausi ya waya, usianze na diski kubwa. Mausi inakula umeme kidogo sana, kwa hiyo ikikataa, tatizo la umeme mdogo unaweza kuliweka kando.

Jibu la kwanza ni ukimya. Kama skrini iko kimya kabisa, keneli haijaona chochote, na hakuna draiva utakayoipakua ikakusaidia. Hamishia mausi tundu jingine. Ikisoma huko, tundu la kwanza lina uchafu, limelegea au limekufa. Matundu yote yakiwa kimya, ingia BIOS (mipangilio ya laptopu inayofunguliwa kabla Linux haijawaka) uangalie kama USB haijazimwa. Kisha zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 kabla ya kuiwasha upya. Ukiwa unaunganisha simu, shuku kebo kabla ya kitu kingine. USB 2.0 ina njia nne, mbili za umeme na mbili za data, na kebo nyingi za bei rahisi zina zile mbili za umeme tu. Simu itachaji vizuri huku Linux haina habari nayo.

Mulika ndani ya tundu kwa tochi. Utaona kijilimi cha plastiki chenye vyuma vidogo. Kinatakiwa kiwe kimenyooka, na vyuma visigusane. Vumbi litoe kwa brashi laini kavu, laptopu ikiwa imezimwa. Sindano na pini weka mbali.

Jibu la pili ni mistari ya makosa. Ukiona

device descriptor read/64, error -71

maana yake kifaa kimeonekana lakini mazungumzo yanavurugika njiani: kebo mbovu, mguso hafifu au umeme usiotosha. Namba -110 ni kwamba keneli ilisubiri jibu na halikuja. Ukisoma over-current, tundu limehisi umeme unavutwa kupita kiasi. Hapa diski za nje ndizo zinazosumbua sana. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900, na diski inayozunguka huhitaji umeme mwingi zaidi pale inapoanza tu. Utaisikia ikilia tik-tik, inajaribu kuzunguka na kushindwa. Tumia kebo fupi na nzima, au habu (kifaa cha kuongeza matundu) yenye chaja yake. Kuweka upya mfumo mzima hakuongezi hata miliampea moja!

Kuangalia kasi ya kifaa, andika lsusb -t. Ukiona 480M kwa kifaa cha USB 3.0, kimeangukia kwenye USB 2.0. Plagi ya USB 3.0 ina njia tisa, na zile nne za zamani hugusa mapema, kwa hiyo ukiichomeka polepole inaweza kunasa kasi ya chini. Ichomoe, kisha iingize kwa mara moja hadi mwisho.

Jibu la tatu ndilo linalowababaisha wageni: keneli imekitambua kifaa vizuri, lakini faili hazionekani. Hapo tundu ni zima, acha kuligusa. Andika lsblk -f uone diski na aina ya mfumo wake wa faili. Kama ni NTFS (mfumo wa faili wa Windows) iliyotoka kwenye Windows yenye Fast Startup, ule mpangilio wa kuwaka haraka, Linux inaweza kukataa kuifungua au kukupa kusoma bila kuandika, kwa kuwa Windows haikuiachia vizuri. Irudishe diski kwenye Windows, zima kompyuta hiyo kwa amri ya shutdown /s /t 0, kisha jaribu tena. Kwenye Arch (aina nyingine ya Linux) na jamaa zake, ukishasasisha keneli bila kuwasha upya, moduli ya usb_storage, kipande cha keneli kinachosoma flashi na diski za USB, inaweza isipatikane. Washa upya tu.

Modemu za Huawei zina tabia yao. Zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows. Kwenye lsusb utaona namba mbili zilizotenganishwa na nukta pacha, ya kwanza ikiwa 12d1. Weka kifurushi cha usb-modeswitch, chomoa, chomeka, na ile namba ya pili ikibadilika ujue modemu imeamka.

Kifaa kinachosoma kisha kinapotea baada ya muda mara nyingi kinalazwa na mfumo ili kuokoa betri. Chukua namba yake kwenye dmesg, kwa mfano 1-2, na uandike:

echo on | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-2/power/control

Kikitulia, umempata mchawi. Kama unatumia TLP (programu ya kuokoa betri), weka USB_AUTOSUSPEND=0 ndani ya /etc/tlp.conf. Bila TLP, ongeza usbcore.autosuspend=-1 kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT katika /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB inayowasha Linux, kisha sudo update-grub na uwashe upya. Betri itaisha mapema kidogo, na mimi naona ni bei halali.

Ukishapita yote haya na tundu moja bado liko kimya hata kwa mausi, ilhali mengine yanasoma, sasa nenda kwa fundi. Mwambie hivyo hivyo: tundu hili, upande huu. Kwenye laptopu nyingi matundu ya upande mmoja yamekaa kwenye bodi ndogo ya pembeni iliyounganishwa na madabodi kwa waya bapa. Mwombe akague waya huo na bodi hiyo ndogo kwanza. Kama tundu limeungwa moja kwa moja kwenye madabodi, huchomolewa kwa joto na kuchomewa jipya, bila kubadili madabodi nzima.