Allan Holdsworth: anza na Metal Fatigue, boksi la diski 12 liache kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako. Umesema umemsikia mpiga gitaa Allan Holdsworth kwenye simu ya rafiki yako, usingizi ukapotea, na ulipomtafuta ukakuta albamu zake karibu zote zimetolewa upya. Unauliza uanzie wapi, na kama ni busara kujinyima miezi miwili ununue lile boksi la diski 12 za albamu zake kwa mkupuo. Mimi napiga gitaa hapa Kirumba, Mwanza. Huyu mzee nimeishi naye masikioni zaidi ya miaka 20, na kuna albamu yake niliyoilipia mara mbili. Naomba nikujibu kwa urefu, kwa sababu nimewaona wengi wakianza naye vibaya na hawakurudi tena.

Anza na Metal Fatigue ya 1985, halafu Secrets ya 1989. Boksi liache kwanza.

Mimi nilianza kwa kaseti. Mjomba alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo inayokwenda Port Bell, Uganda, na safari moja alirudi na kaseti ya dakika 60 iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu "gitaa, mzungu". Hakuna jina la mtu, hakuna jina la wimbo. Upande wa pili ulikuwa Lingala. Ule upande wa kwanza niliusikiliza mpaka tepu ikaanza kuyumba. Wimbo wa tano ulikuwa mrefu kuliko yote, na kila mara ulipofika mahali ambapo roho imeshaanza kupaa, kitufe cha redio kinaruka: tak! Kimya. Kwa miaka mingi niliamini wimbo ule unaishia pale, na nikawa najiuliza ni mtu wa namna gani anayeukata wimbo hivyo.

Boksi nililipata mwaka 2018 kupitia ndugu yangu aliyekuwa anarudi kutoka Nairobi. Ndipo nikajua ile kaseti ilikuwa Metal Fatigue, na ule wimbo unaitwa The Un-Merry-Go-Round, ambao Holdsworth aliutunga kumkumbuka baba yake. Una dakika 14. Piga hesabu: nyimbo nne za mwanzo zinakula dakika 19 na ushee, na upande mmoja wa kaseti ni dakika 30. Kwa hiyo nilikuwa nimekosa dakika tatu na nusu za mwisho, na wimbo wa sita sikuwahi hata kujua kama upo. Nilikaa sakafuni nikausikiliza. Ilipokaribia ile sehemu, mwili mzima ukajikaza kusubiri tak. Haikuja. Gitaa likaendelea. Mkuu, nililia, na sioni aibu kukwambia.

Ndiyo maana nayaheshimu matoleo haya mapya. Kwa sisi tuliokulia kwenye kaseti za kunakili, kutolewa upya maana yake ni kuupata wimbo mzima, pamoja na majina ya waliopiga. Nani anapiga dramu, nani besi, hayo yote kaseti haikuniambia.

Lakini boksi lenyewe karibu linizamishe. Lina albamu 12, kuanzia I.O.U. ya 1982 hadi zile mbili zilizorekodiwa mbele ya watu Tokyo, Then! na All Night Wrong. Nilikuwa na hamu kama ya mtu aliyefunga siku nzima, nikazisikiliza zote ndani ya wiki moja. Mwisho wa wiki sikuweza kutofautisha wimbo na wimbo. Holdsworth harudii kitu. Masikio yetu yamelelewa na akina Mbaraka Mwinshehe: solo inaimba mstari, inaondoka, inarudi kukushika mkono, na wewe unaingoja irudi. Huyu Mwingereza wa Bradford anasema jambo mara moja, kisha anasonga mbele. Ukimpanga albamu 12 kwa mfululizo unabaki na kelele kichwani. Mpe albamu moja kwa mwezi. Simulizi yangu ya kaseti ina faida moja kubwa: sikuwa na nyingine ya kukimbilia, nikalazimika kuijua ile ile.

Metal Fatigue naipendekeza kwa sababu ina nyimbo ambazo sikio linaweza kuzishika. Kuna sauti ya mwimbaji kwenye baadhi, na Devil Take the Hindmost inakuonesha vidole vyake bila kukuficha. Sikiliza jinsi nota zinavyotiririka bila kusikia mkwaruzo wa kichokoo cha kupigia waya. Kazi kubwa inafanywa na mkono wa kushoto: kidole kinaishukia waya kama nyundo ndogo, nota inalia bila mkono wa kulia kuigusa. Alitamani gitaa lipumue kama saksofoni, na huo ndio muziki aliokuwa akiutafuta maisha yake yote.

Secrets ifuate mara moja. Humo dramu anapiga Vinnie Colaiuta, na wimbo wa kwanza, City Nights, ukiusikiliza kwa hedifoni nzuri utaona gitaa na dramu wanavyokimbizana bila kugongana. Halafu kuna 54 Duncan Terrace, wimbo wa utulivu aliomkumbukia mpiga piano Pat Smythe. Kama una mke au mzazi nyumbani anayelalamika kuhusu muziki huu, mpigie huo. Mama yangu hakuwahi kuniuliza "hii nini?" ulipokuwa unapigwa huo.

Sasa jambo ambalo vijana wengi wanalikosa. Mnamfuata kwa kasi ya vidole, ilhali utajiri wake uko kwenye akodi, zile nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Nilijaribu kuzipiga kwa miezi, kidole cha kwanza hapa, cha nne kule mbali kama ng'ambo ya Kamanga, mpaka kiganja kikauma nikapumzika wiki mbili. Usijilazimishe kama nilivyofanya mimi. Zisikilize tu kwanza. Alikuwa anapiga waya huku pedali ya sauti ikiwa imefungwa, kisha anaifungua taratibu kwa mguu, na sauti inapitishwa kwenye mitambo ya mwangwi. Kwa hiyo akodi haina mwanzo. Ukikaa Igombe usiku usio na mwezi ukatazama ziwani, zile taa za wavuvi wa dagaa huzioni zikiwashwa. Unashtukia tu zipo, mstari mzima. Akodi zake zinaingia hivyo.

Na hapa ndipo ubora wa toleo unapokuwa jambo la maana. Wimbo ukisharekodiwa na kuchanganywa, kuna hatua ya mwisho ya kuweka sauti sawa kabla ya kutoa nakala. Wenyewe wanaita kufanya masta. Toleo jipya likiandikwa limefanyiwa masta upya, ni hatua hiyo iliyorudiwa, gitaa halikupigwa tena. Tangu miaka ya 1990 mafundi wengi wamekuwa na tabia ya kupandisha sauti ndogo zilingane na kubwa ili diski isikike kwa nguvu. Kwa muziki wa kucheza harusini pengine haidhuru. Kwa Holdsworth inaua, kwa sababu ule upandaji wa taratibu kutoka kwenye ukimya unabanwa, na taa zote zinawaka kwa pamoja. Ukiwa na matoleo mawili, chukua wimbo mmoja, shusha lile lenye kelele mpaka yalingane kwa sikio, ndipo ulinganishe. Usipolinganisha sauti kwanza, sikio litachagua lenye nguvu kila mara.

Halafu uwe makini na unachonunua. Secrets yangu ya kwanza niliinunua mjini kwa mtu aliyenihakikishia ni halisi. Jalada lilikuwa la kuchapwa kwa printa, wino ukabaki vidoleni, na nyimbo mbili zilikuwa zinarukaruka. Hela ya wiki nzima ya kupiga hotelini ikaenda. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Holdsworth mwenyewe hakuambulia hata senti. Lile boksi lilitoka Aprili 2017, na tarehe 15 mwezi huohuo akafariki nyumbani kwake California akiwa na miaka 70. Mtu ambaye wapiga gitaa dunia nzima wanamtaja kwa heshima, mashabiki ndio waliochanga fedha za mazishi yake. Walichanga zaidi ya dola 100,000 ndani ya siku chache. Nilifurahi kwa upendo ule, na nilihuzunika kwamba ulihitajika.

Kuna albamu moja ninayokuomba usiinunue hata ukiikuta imetolewa upya kwa jalada zuri: Velvet Darkness ya 1976. Holdsworth alieleza kwamba yale yalikuwa mazoezi tu yaliyorekodiwa, na hakuwahi kuidhinisha yatoke. Aliikataa mpaka mwisho. Mimi ninayo nakala niliyopewa na rafiki. Niliisikiliza mara moja, nikajiona kama nimefungua barua isiyo yangu.

Road Games ya 1983 haimo kwenye boksi, ilitoka kwa kampuni nyingine. Mpiga gitaa Eddie Van Halen ndiye aliyemsaidia kupata mkataba ule, lakini Holdsworth hakufurahia namna ilivyotengenezwa. Ikusubiri.

Sand na Atavachron zina kifaa kinaitwa SynthAxe, chenye umbo la gitaa ila chenyewe hakitoi sauti, kinaamrisha kinanda cha elektroniki, na kuna kijibomba anakipuliza mdomoni kuongoza pumzi ya sauti. Wengi wakisikia wanadhani ni mtu wa kinanda. Nilihitaji miaka kuizoea. Siku hizi Sand ndiyo ninayoiweka alfajiri. The Sixteen Men of Tain ya 2000 haina mpiga kinanda, zaidi ni gitaa, besi ya mbao na dramu, na tarumbeta mahali pachache. Hiyo ifanye ya tatu. Ukitaka kuonja kila zama kabla ya kulipia boksi, kuna Eidolon, diski 2 za nyimbo alizozichagua mwenyewe. Kwa bei ni nafuu zaidi, na unapata kujua yeye alijiona wapi.

Ukishapata diski, usiziache sebuleni wazi kama unakaa karibu na ziwa. Unyevu wa huku umeniharibia kaseti nyingi kwa ukungu, pamoja na ile ya mjomba. Funga kwenye boksi la plastiki, mbali na ukuta.

Umesema uko Musoma. Ukija Mwanza nitumie ujumbe humu. Spika zangu ni za zamani lakini zina ukweli. Tutaanza na wimbo wa tano wa Metal Fatigue, na nitakuonesha dakika ambayo tepu yangu ilikuwa inakatikia.