Wasomaji Wauliza: Siku Tatu na Gari la Kulala, Arusha Hadi Marangu

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja. Wengi wamegeuza Hiace au Noah kuwa gari la kulala, au wamefunga hema juu ya keria ya Land Cruiser, na sasa wanataka kutoka na rafiki mwishoni mwa wiki. Tumechagua zinazogusa matatizo ya wengi.

Mimi na rafiki yangu tuna siku tatu na Hiace ya paa refu. Hatutaki mbuga tu, tunataka makumbusho na sehemu za historia. Tuanzie wapi, Arusha au Moshi?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Anzieni Arusha, Ijumaa asubuhi. Msiweke vituo zaidi ya vitatu kwa siku. Arusha na Moshi zimeachana kilomita 80 hivi, kwa hiyo barabara si tatizo. Kinachokula muda ni kupanga na kupangua gari: godoro, maji, jiko, vyandarua. Mkihama kila baada ya saa mbili, siku nzima itaishia kwenye kufunga kamba.

Ijumaa iwe ya mjini. Makumbusho ya Azimio la Arusha yako Kaloleni, kwenye jengo ambamo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Januari 1967 kabla Azimio halijatangazwa tarehe 5 Februari. Mnara wa Mwenge uko hatua chache kutoka hapo. Halafu nendeni Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya Boma la Kijerumani lililokamilika mwaka 1900. Wengi huingia, wakatazama mafuvu ya zamadamu na wanyama waliokaushwa, wakatoka. Tembeeni kwanza kuzunguka kuta kwa nje, kwa sababu jengo lenyewe ni sehemu ya maonyesho: ngome ya kijeshi iliyowekwa kuwatawala Waarusha na Wameru baada ya mapigano ya miaka ya 1890. Mkilielewa Boma, Jumapili mtaielewa Old Moshi.

Egesheni mara moja tu, sehemu yenye mlinzi, na maeneo hayo yote myapitie kwa miguu au bajaji. Ushuru wa maegesho lipeni siku hiyohiyo, maana deni hubaki kwenye namba ya gari. Tena chungeni urefu wa gari. Hiace ya paa refu hufika karibu mita 2.3, na ukiweka keria yenye hema lililofungwa unaongeza sentimita 30 au zaidi. Andikeni kipimo hicho kwenye karatasi na muibandike mbele ya usukani. Mageti ya hoteli, matawi ya miti na mabati ya maegesho hayaulizi.

Jioni kalaleni Duluti, kama kilomita 15 mashariki mwa mji. Ni ziwa la kreta lenye msitu pembeni, na ipo kambi ya kulala. Jumamosi asubuhi, kabla ya kuondoka Tengeru, nendeni kwenye makaburi ya Wapoland. Vita Kuu ya Pili ilileta Tengeru wakimbizi wapatao 5,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishiwa Siberia na Wasovieti. Makaburi yanakaribia 150 na yako ndani ya eneo la chuo, kwa hiyo jitambulisheni getini kwanza.

Kutoka hapo, baada ya Usa River, njia inaingia kushoto kuelekea geti la Ngongongare la Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Getini hawapokei fedha taslimu, hivyo kadi ya benki au namba ya malipo iwe tayari. Gari hutozwa kulingana na uzito wake. Bebeni kadi ya gari, vinginevyo mtabishana juu ya uzito na foleni iko nyuma yenu. Ndani, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Kreta ya Ngurdoto hutazamwa kutoka ukingoni, hairuhusiwi kushuka. Maziwa ya Momella yana rangi tofautitofauti kwa sababu ya mwani na magadi yaliyomo. Mbega weupe mtawaona msituni na twiga kwenye uwanda. Simba msimtafute, huko hayupo.

Mkitoka hifadhini alasiri, msisimame tena hadi Marangu. Njia ya kutoka Himo kupanda ni nyembamba, ina kona na watu wengi jioni, kwa hiyo fikeni kabla ya giza. Jumapili asubuhi angalieni mapango ambayo Wachaga walichimba ili kujificha wakati wa vita, na maporomoko ya Kinukamori ambayo yako karibu na Marangu Mtoni. Kisha rudini kuelekea Moshi, mkunje Kiboriloni kupanda Old Moshi, hadi Tsudunyi. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na Arusha. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 1900 uleule mliousoma kwenye Boma mnakutana nao huku chini ya mti. Ndiyo sababu hatukushauri kuanzia Moshi.

Barabara ya Old Moshi ina mwinuko mkali, na mvua ikinyesha udongo wake mwekundu unateleza kama sabuni. Paa refu lina uzito juu, kwa hiyo liacheni gari chini mpande bodaboda.

Tumeweka betri ya pili, N70, kwa ajili ya friji ya volti 12 na taa. Usiku wa kwanza mambo safi, asubuhi ya pili friji imezima. Safari iliyopita hata selfu haikuvuta. Fundi anasema betri ni mbovu. Tununue nyingine?
*Marafiki wawili, Shanty Town, Moshi*

Msinunue bado. Pigeni hesabu kwanza.

Friji ndogo ya kompresa huvuta takriban ampea 4 inapofanya kazi. Usiku wa baridi Marangu hufanya kazi karibu theluthi moja ya muda, mchana wa joto Boma Ng'ombe ni nusu au zaidi. Kwa saa 24 hiyo ni kati ya 32 na 48 za ampea-saa (kipimo cha umeme uliomo kwenye betri), bado taa na simu. N70 mpya hubeba takriban 70, lakini betri ya risasi na asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Kwa hiyo mnazo 35 za kutumia, yaani chini ya siku moja. Jumamosi mkiendesha saa moja tu, alteneta haiwezi kurudisha zote, kwa kuwa betri ya aina hii hupokea chaji haraka mwanzoni na polepole inapokaribia kujaa. Ikifika asubuhi ya pili hakuna kitu. Fundi huenda yuko sahihi kwamba sasa betri imechoka, lakini imechoshwa na matumizi. Mpya itafuata njia ileile.

Selfu kugoma ni kosa jingine kabisa. Dalili zinaonyesha betri mbili zimeunganishwa moja kwa moja, hivyo friji inakunywa hadi ya injini. Kati ya betri hizo panatakiwa rilei, yaani swichi ya umeme inayoziunganisha pale tu injini inapowaka, au chaja ya betri-kwa-betri ya ampea 20 hadi 30, inayochaji ya pili kutoka ya injini. Kwa magari mapya ambayo alteneta yake inadhibitiwa na kompyuta, rilei haitoshi, tumieni chaja. Waya uwe wa milimita za mraba 16, usiwe ule mwembamba wa redio. Fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila betri, sentimita 20 hivi kutoka kwenye kichwa. Mafundi wengi huweka moja tu. Waya huo una chanzo cha umeme pande zote mbili, na ukikwaruzwa katikati, upande usio na fyuzi ndio utakaowasha moto. Ethi (waya wa hasi) ifungwe kwenye chuma cha gari kilichokwanguliwa rangi.

Baada ya hapo pimeni volti kwenye plagi ya friji wakati kompresa inafanya kazi. Betri ikisoma 12.3 na plagi 11.5, tatizo ni waya au soketi ya sigara, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Betri yenyewe ipimeni ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kutumika: 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, ikishuka chini ya 12 zimeni friji.

Paneli ya sola ya wati 100 itawapa kama ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku ya jua kali. Marangu ikifunga mawingu, kuanzia masika hadi Julai, tegemeeni nusu au pungufu. Na kuna ukweli mchungu: gari likiwa kivulini friji inatulia lakini paneli hailishi, na kivuli cha jani moja la mgomba kinaweza kuangusha paneli nzima. Dawa ya bei ndogo ni kupooza friji kwa umeme wa nyumbani tangu usiku wa kuamkia safari na kuweka ndani yake chupa nne za maji za lita moja na nusu zilizoganda. Wapishi wa shughuli wanaijua hesabu hii kuliko mafundi.

Tukishuka Materuni breki zilitoa harufu ya kuungua, na pedali ikawa laini. Chini kabisa zikarudi kawaida. Pedi ni mpya.
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Zilipata moto kupita kiasi. Mafuta ya breki hufyonza maji kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Yakipashwa, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana pedali inakuwa laini. Badilisheni mafuta hayo kila miaka miwili hata kama rangi yake bado inapendeza.

Teremkeni kwa gia ileile ambayo gari lingehitaji kupandia, kwa kawaida ya pili, na kwa gari la otomatiki toeni kwenye D muweke 2 au L. Bonyezeni breki kwa nguvu kidogo na muachie, msiikanyage moja kwa moja mteremko mzima. Harufu ikianza, simameni sehemu tambarare dakika 30. Msimwage maji kwenye diski, itapinda. Handbreki pia msivute zikiwa za moto, wekeni jiwe chini ya tairi. Na punguzeni mzigo: madumu matatu ya lita 20 ni kilo 60, na maji Materuni yapo.

Marangu usiku ni baridi. Tunaweza kuingiza jiko la mkaa lililokwisha kuwaka vizuri, dirisha likiwa wazi kidogo?
*Dada wawili, Njiro, Arusha*

Hapana, dada zetu. Mkaa uliokolea, hata ule unaoonekana umefunikwa na majivu, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Ndani ya gari hujaa kabla hamjaamka, na upenyo wa dirisha hauhakikishi chochote. Jiko la gesi nalo si la kupashia chumba.

Tumieni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye khanga, blanketi moja chini ya miili na jingine juu, kwa maana baridi kubwa hutoka chini ya godoro. Madirisha mawili ya pande tofauti yaacheni wazi sentimita mbili, yawekwe wavu wa mbu. Mkiyafunga yote, pumzi za watu wawili zitalowesha vioo na magodoro.

Mtungi wa kilo 6 usimame wima, ndani ya sanduku lenye tundu chini linalotoka nje ya gari. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hukaa sakafuni mnapolala. Fungeni koki kabla ya kuondoka, pakeni povu la sabuni kwenye maungio kila mkifunga mtungi mpya, na mpira wenye nyufa utupwe.

Tukichemsha maji ya bomba ya upande wa Meru, yale yanayogeuza meno rangi, si yatakuwa salama?
*Msomaji, Usa River*

Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haiondoki, bali inazidi kukolea maji yanapopungua. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya kuzunguka Meru huzidi hapo kwa sababu ya miamba ya volkano. Siku tatu hazitabadilisha meno ya mtu mzima. Watoto ambao meno yao bado yanajengeka ndio wa kuangalia. Ya kunywa na kupikia jazeni mjini au mnunue, lita nne kwa mtu kwa siku zinatosha. Ya kuoshea jazeni popote.

Je, wanawake wawili tunaweza kulala pembeni ya barabara kuu tukichelewa?
*Msomaji, Himo*

Msifanye hivyo. Malori hupita usiku kucha na hakuna wa kuwaita. Kambini ndiyo kwanza, halafu uwanja wa hosteli au nyumba ya wageni, ambako wengi hukubali gari kwa bei ndogo kuliko chumba ukiomba mapema. Kama ni kijijini, mtafuteni mwenyekiti wa kitongoji kabla jua halijazama, mjitambulishe na muulize pa kuegesha. Gari lielekezeni pua barabarani, funguo ziwe sehemu moja mnayoijua wote wawili, na kiti cha dereva kisiwe na mzigo juu yake.