Kapu lisomeke kama kapu: itifaki za ExpressibleBy katika Swift

Majaribio ya programu ya duka ndiyo yaliyonifanya nizipende itifaki za Swift (lugha ya kuandikia programu) ambazo majina yake huanza na ExpressibleBy. Itifaki ni ahadi ambazo aina ya data hutimiza; hizi huruhusu aina yako iandikwe moja kwa moja kama maandishi, namba au kamusi. Kapu la mteja tulikuwa tunaliandika hivi:

`Kapu(mistari: [Bidhaa(namba: "UNGA-2KG"): 2, Bidhaa(namba: "SUKARI-1KG"): 1])`

Jicho linatafuta unga, linakutana na mabano. Siku hizi naandika:

`let kapu: Kapu = ["UNGA-2KG": 2, "SUKARI-1KG": 1]`

Bidhaa inafuata ExpressibleByStringLiteral, kwa hiyo kompaila (programu inayotafsiri msimbo) ikikuta maandishi yenye alama za kunukuu mahali panapotakiwa Bidhaa, inaita `init(stringLiteral:)` yenyewe. Kapu nayo inafuata ExpressibleByDictionaryLiteral:

```
init(dictionaryLiteral jozi: (Bidhaa, Int)...) {
    mistari = Dictionary(jozi, uniquingKeysWith: +)
}
```

Mstari wa katikati uandike kwa makini sana. Jozi zinakuja kwa mpangilio uleule ulioandika, na bidhaa iliyotajwa mara mbili inakuja mara mbili. La kufanya unaamua wewe. Mimi najumlisha, maana mteja akiongeza unga anataka unga zaidi. Ukiweka `uniqueKeysWithValues`, bidhaa ikijirudia programu itaanguka ikiwa inaendeshwa, na kompaila haitakuwa imekuonya.

Ukikuta makala ya zamani yenye StringLiteralConvertible, ni kitu kilekile. Jina lilibadilishwa katika Swift 3, mwaka 2016.

Njia hii itumie tu kwa thamani unazoziandika mwenyewe ndani ya msimbo. Itifaki hizi hazikubali `init?` (init inayoweza kushindwa na kurudisha nil), kwa hiyo namba mbovu ya bidhaa haina pa kukataliwa kwa upole. Anachoandika mteja kwenye simu yake kipitishe kwenye `init?(maandishi:)` na ukikague.

Kwenye pesa nakataa kabisa. `let nauli: Pesa = 500` ni fupi na inapendeza, lakini ni shilingi au senti? Anayesoma hana pa kujua. `Pesa(shilingi: 500)` inajibu palepale, na herufi chache za ziada si gharama. Uzito pia, kama gramu na kilo zinatumika pamoja.

Wengi hukimbilia kuipa URL itifaki ya ExpressibleByStringLiteral. URL ni ya Foundation (maktaba ya Apple), si yako, na Swift 6 inatoa onyo usipoandika `@retroactive`, alama ya kukiri kwamba unaipa itifaki aina isiyo yako. Tengeneza aina yako ndogo, mfano Anwani, ihifadhi URL ndani yake, kisha itifaki uipe hiyo.